Mashine Ikikuambia Simama

Hotuba kwa wahitimu wa ufundi mitambo na umeme, Arusha

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofunga safari kutoka Karatu, Monduli, Hai, Rombo na kwingineko: kwa mnaostahili shikamoo yangu, shikamooni. Wahitimu, hamjambo?

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maadili ya kazi ya fundi. Hotuba za maadili nimezisikia nyingi. Ukimwambia kijana anayemaliza chuo “kawe mwaminifu”, ataitikia kwa heshima, atapiga makofi, na Jumatatu akifika gereji atafuata kile anachokiona kwa fundi mkuu wake. Kwa hiyo leo nimechagua mashine moja. Nitaifungua mbele yenu kipande kwa kipande, na mtaona wenyewe ni wapi uaminifu wa mtu umefungwa humo kwa bolti.

Mashine hiyo ni rolakosta ya chuma, yaani treni ya burudani inayopandishwa juu ya reli na kuachiwa iporomoke, ile yenye mteremko wa wima. Wengi mmeiona kwenye simu. Treni fupi na pana, watu wanane kwa safu, inavutwa polepole juu ya reli mpaka kileleni. Ikifika ukingoni inashikwa. Abiria wa safu ya mbele wananing'inia, hawana sakafu chini ya miguu, macho yanatazama ardhi moja kwa moja. Sekunde chache zinapita hivyo. Kisha inaachiwa.

Mojawapo inaitwa SheiKra, iko kwenye bustani ya michezo ya Busch Gardens mjini Tampa, Florida, nchini Marekani. Ilifunguliwa mwaka 2005, ina kimo cha mita 61, na mteremko wake ni wa nyuzi 90 kamili. Kabla yake kulikuwa na Oblivion, kwenye bustani ya michezo ya Alton Towers, Uingereza, mwaka 1998. Zote mbili zimetoka kwa kampuni moja ya Uswisi, Bolliger & Mabillard. Alton Towers hawaruhusiwi kujenga kitu kikapita vilele vya miti, kwa hiyo wahandisi walipokosa nafasi ya kwenda juu walichimba kwenda chini, na Oblivion inatumbukia ndani ya shimo. Japani iko nyingine, Takabisha, chini ya mlima Fuji, iliyofunguliwa mwaka 2011. Hiyo ina nyuzi 121: reli inapita wima na kurudi ndani, abiria anashuka huku amegeuzwa kuliko hata mtu anayeanguka. Na msidhani Afrika haimo. Gold Reef City ya Johannesburg, kwenye eneo la mgodi wa zamani wa dhahabu, ina yake tangu 2001, na inazama ardhini. Vijana mliotoka Mererani, ambao ndugu zenu hushushwa mashimoni kila siku kwa kamba na winchi, mtaelewa haraka kuliko wengine kwa nini fundi anaanza kuitazama mashine kama hiyo kutokea kwenye kile kinachoishika.

Mimi kazi yangu ni breki: za malori, za winchi, za vyombo vya kunyanyulia mizigo. Rolakosta hii naipenda kwa sababu ni breki tupu. Watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya kuporomoka, lakini kuporomoka hakuhitaji fundi. Dunia inakuvuta bure. Fedha na akili za waliounda kitu hiki zimeenda kwenye kushika, kuzuia na kusimamisha.

Tufanye hesabu kidogo. Kitu kikianguka mita 61 bila kuzuiwa na chochote, kinafika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 124 kwa saa. Kasi iliyotangazwa ya SheiKra ni kilomita 113. Upepo na msuguano vimekula sehemu ya tofauti hiyo. Sasa angalieni vitu viwili ambavyo havimo kwenye hesabu hiyo. Cha kwanza ni uzito: kwenye karatasi, treni tupu na treni iliyojaa zinafika chini na kasi ile ile. Cha pili, ambacho nataka mkishike vizuri, ni ukali wa mteremko. Ushuke mita 61 wima, au ushuke mita hizo hizo 61 kwa barabara ya kilomita mbili inayoonekana karibu tambarare, nishati unayoikusanya kutokana na kimo ni ile ile. Mteremko mkali unaitoa kwa sekunde chache, watu wanapiga kelele. Mteremko mpole unaitoa taratibu, dereva anaongea na simu.

Chukueni lori la tani 40 linaloshuka kimo cha mita 60 kwa mwendo usioongezeka. Dereva asipotumia gia ndogo, karibu nishati yote hiyo inaishia kwenye breki ikiwa joto. Nimeipiga hesabu jana usiku: ni joto la kuchemsha lita 70 za maji ya baridi, na linamwagwa ndani ya madebe ya breki yaliyofunikwa, kwa dakika mbili tatu. Debe likishapata moto kupita kiasi, kitambaa cha breki hakishiki tena hata ukanyage mpaka goti litetemeke.

Hapa Arusha hatuhitaji kuambiwa maana ya jambo hilo. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, lori ambalo polisi walisema lilifeli breki liligonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Kama humu ukumbini yupo aliyefiwa siku ile, poleni sana, na niwieni radhi kwa kuligusa jeraha. Nimelitaja kwa sababu wahitimu hawa watafanya kazi kando ya barabara ile ile.

Turudi kwenye reli. Treni ya rolakosta haikai juu ya reli kwa uzito wake. Kila mahali penye magurudumu pana ya aina tatu: yanayobeba mzigo juu, yanayobana ubavu, na yanayopita chini ya reli ili treni isinyanyuke. Hayo ya chini yalisajiliwa na Mmarekani John Miller mwaka 1919, na bila hayo hakuna mteremko mkali unaowezekana. Treni ingeruka kileleni ikaenda zake. Kwenye sehemu ya kupandia, rolakosta nyingi zina meno ya chuma kando ya mnyororo, na chini ya treni kuna ulimi wa chuma unaodondokea jino baada ya jino. Ule mlio wa ka-ka-ka mnaousikia kwenye video ni ulimi huo. Mnyororo ukikatika, treni inarudi nyuma kidogo tu, ulimi unaingia kwenye jino, inakaa hapo.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace jijini New York, Elisha Otis alipanda kwenye jukwaa la lifti, likainuliwa juu ya vichwa vya watu, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo tu, likashikwa. Kamba ilipokuwa imekaza ilikuwa inaizuia springi isifanye kazi. Ilipokatwa, springi ikajifungua na kusukuma vyuma kwenye meno ya pembeni. Tafakarini alichokifanya mtu yule. Alichukua lile tukio linaloogopwa na kila mtu, kukatika kwa kamba, akalifanya ndiyo amri ya kusimama.

Breki za rolakosta zinafuata akili hiyo. Breki nyingi za kubana hufungwa na springi, na upepo wa kompresa ndio unaozifungua. Ni kama kibanio cha nguo: ukikiacha kinabana, ukitaka kiachie lazima ukiminye. Umeme ukikatika, bomba likipasuka, kompresa ikifa, breki zinafunga. Nyingine ni za sumaku. Mapezi ya shaba au aluminiamu yanapita katikati ya sumaku za kudumu. Pezi likiwa limesimama sumaku haina habari nalo, lakini likipita kwa kasi mikondo ya umeme inazaliwa ndani yake, nayo inaupinga mwendo. Hakuna waya wala swichi, na TANESCO hawahusiki. Udhaifu wake ni kwamba treni ikipungua sana kasi, nguvu ya kuzuia nayo inapungua, kwa hiyo mwishoni bado panahitajika breki ya kubana.

George Westinghouse alipita njia hiyo hiyo kwenye reli za kawaida. Breki yake ya kwanza ya upepo, ya mwaka 1869, ilifunga pale upepo ulipoingizwa kwenye bomba. Bomba likipasuka, treni haina breki. Miaka michache baadaye akaigeuza: upepo ukipungua bombani, breki zinafunga zenyewe, behewa likichomoka linasimama. Kanuni hiyo ya kufunga pale kitu kinapoharibika ndiyo inayolinda treni za abiria duniani, ikiwemo hii iliyorudi kuja Arusha kupitia Moshi mwaka 2020.

Nimefika kwenye kipande nilichokijia. Reli ya rolakosta inagawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu ina vihisio vya kujua kama kuna treni ndani yake, na mahali pa kuisimamisha treni inayofuata. Kanuni ni moja: sehemu moja, treni moja. Kompyuta haiachii treni ya nyuma mpaka ihakikishe ya mbele imetoka. Ikiwa na shaka inasimamisha. Haina haraka, haioni foleni, haijui kwamba leo ni sikukuu na watu wamesubiri juani.

Tarehe 2 Juni 2015, Alton Towers, kwenye rolakosta nyingine inayoitwa The Smiler, mafundi walikuwa wametuma treni tupu ya majaribio. Siku ile kulikuwa na upepo mkali. Treni ile haikuweza kumaliza mzunguko, ikakwama katikati ya reli. Nyuma yake ilishatoka treni yenye abiria 16. Kompyuta ikaona sehemu ya mbele haijawa tupu, ikaisimamisha treni ya abiria kileleni. Mpaka hapo mashine ilifanya kila kitu ilichoundiwa kufanya. Mafundi hawakujua kwamba treni tupu imekwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipita amri yake kwa mkono na kuiachia treni. Ikaenda kugonga. Abiria wote 16 waliumia, watano kati yao vibaya sana, na wasichana wawili walikatwa mguu. Uchunguzi haukukuta hitilafu kwenye mashine yenyewe. Mwaka 2016 kampuni inayoendesha Alton Towers ilipigwa faini ya pauni milioni 5, kwa sababu mahakama iliona kwamba mafundi wale hawakuwekewa utaratibu salama wa kufanya kazi kama ile.

Sikilizeni vizuri hilo la mwisho, na viongozi mliokaa meza kuu nawaomba mlisikilize zaidi. Mafundi wale hawakuwa walevi wala wavivu. Walikuwa watu wenye ujuzi, waliotaka kuirudisha kazi kwenye mstari haraka, foleni ikiwatazama. Mashine ilisema simama. Wao wakatafuta kwanza sababu ya kuinyamazisha, badala ya kutembea mpaka kwenye reli wakatazama kwa macho. Mwajiri naye hakuwa amejenga ukuta wa kuwazuia: hakuna sharti kwamba kabla ya kuipita kompyuta mtu wa pili ahesabu treni, asaini, ajibu ziko ngapi na kila moja iko wapi. Hesabu ya namna hiyo haichukui hata dakika tano.

Sasa tushuke chini ya lori. Mnaijua ile bolti ndefu inayokaa ubavuni mwa chemba ya breki ya nyuma, chemba yenye springi inayofunga breki upepo ukiisha. Imewekwa pale ili lori lililoishiwa upepo liweze kuvutwa hadi gereji: unaiingiza nyuma ya chemba, unakaza nati, springi inarudishwa, breki inaachia. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini nimeona kwa macho yangu malori yenye mzigo kamili yakitoka hapa kwenda safari ndefu huku bolti hizo zimekazwa. Mpira wa ndani ya chemba umepasuka, upepo unavuja, breki zinajifunga kila mara, na tajiri anataka mzigo ufike. Fundi anakaza bolti mbili, lori linaondoka, kila mtu anamsifu kwamba anajua kazi. Alichokifanya ni kile kile cha The Smiler. Springi ilisema simama, yeye akaifunga mdomo kwa spana.

Sisemi kwamba lori la Ngaramtoni lilifanyiwa hivyo. Hilo ni la wanaochunguza ajali. Na niwe mkweli kwenu kuhusu mipaka ya springi: itakuokoa upepo ukiisha, lakini haitakuokoa kama vitambaa vimelika au debe limeshaungua kwa joto, kwa sababu springi nayo inabana kitambaa kile kile. Kanuni moja haifuti nyingine. Ndiyo sababu rolakosta haitegemei breki moja, na dereva wa lori anafundishwa kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, akiwa juu. Akishafika katikati amechelewa. Jambo jingine, kwa wale mtakaoajiriwa kwenye gereji za malori wiki ijayo: msithubutu kuikata au kuipasua chemba ya springi. Nguvu iliyomo humo inaua, na mwalimu wenu ameshawaonyesha picha.

Mkononi nina bolti, pengine waliokaa nyuma hawaioni, itapita kwenu. Imekazwa kwenye bamba dogo la chuma kwa spana ya kupimia nguvu, halafu nimechora mstari wa rangi ya njano kuanzia kichwa cha bolti, ukashuka kwenye nati, ukamalizikia kwenye bamba. Rangi ya kawaida ya kopo. Nati ikilegea hata kwa upana wa punje ya mchele, mstari unakatika. Nusu ya juu haiangaliani tena na nusu ya chini. Rolakosta moja ina bolti nyingi mno, na huwezi kukaza upya kila moja kila asubuhi. Lakini unaweza kuzitazama. Kabla ya mgeni wa kwanza kupita getini, watu wanapanda ngazi za kando ya reli, wanatembea kwenye njia nyembamba, mashine imezimwa, wanatazama mistari ya rangi, wanatazama maungio, wanagusa magurudumu, wanasikiliza. Kisha treni inazungushwa tupu. Kazi hiyo haina makofi na hairushwi kwenye simu ya mtu. Mimi ndiyo ninayoiheshimu kuliko mchoro wa aliyeibuni.

Kwenye meza ile pembeni nimeweka kipande kingine, chuma cha kushikilia springi za trela, kimetolewa kazini. Mwalimu wa uchomeleaji anisaidie kukiinua. Ukikitazama kwa macho ni kizima, kimepakwa rangi, weldi imekaa vizuri. Asubuhi tulikisafisha mpaka chuma kikawa kitupu, tukakipaka dawa nyekundu, tukasubiri, tukaifuta yote kwa kitambaa mpaka kikawa kama hakijawahi kupakwa. Kisha tukapuliza dawa nyeupe. Mnaona sasa? Pale kwenye kona, weldi inapokutana na bamba, umejitokeza mstari mwekundu mwembamba, karibu sentimita tatu. Huo ni ufa. Dawa ilikuwa imejificha ndani yake, na ile nyeupe imeinyonya nje. Makopo matatu, hakuna umeme, hakuna maabara. Kwenye rolakosta hutumia hii, na mawimbi ya sauti, na sumaku pamoja na unga wa chuma, kutafuta nyufa ambazo mtu hawezi kuziona. Lakini hii ya makopo unaweza kuifanyia hapa Unga Limited, chini ya mwembe, leo jioni. Nawaomba msichomelee juu ya ufa kabla ya kujua unaishia wapi.

Mhitimu mmoja wa mitambo aliniuliza mlangoni kama Arusha au Moshi tunaweza kuwa na rolakosta kama SheiKra. Nilimwambia nitamjibu hapa. Mji una wageni, una vijana, na kuchomelea tunakujua. Reli yenyewe ingebidi itoke kwa wanaojua kuipinda, kwa sababu ile mikunjo imepigiwa hesabu kwa jinsi damu ya mtu inavyokimbia mwilini. Mjerumani Werner Stengel aliheshimika kwa jambo hilo: kwenye rolakosta iliyofunguliwa California mwaka 1976, mzunguko wa kupindua watu haukuwa duara kamili, ulikuwa na umbo la tone, mpana chini na mwembamba juu, kwa sababu duara kamili huminya shingo za watu pale wanapoingia. Haya yote yananunulika. Kisichonunulika ni watu wa kutembea juu ya reli ile kila asubuhi kwa miaka thelathini, hata siku ambayo meneja amesema leo tuache, tumechelewa.

Na kwa kweli hatuhitaji kusubiri SheiKra. Idi ikifika, Krismasi ikifika, viwanja vyetu vinajaa bembea za kuzunguka zilizotengenezwa na mafundi wa hapa hapa kwa mabomba na ekseli za magari ya zamani, na magodoro ya upepo ya kurukia yaliyofungwa kwa kamba kwenye mawe. Watoto wetu wako juu yake. Hizo ndizo rolakosta zetu, na baadhi yenu mtaitwa kuzichomelea. Wanaozimiliki nawaambia: Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, una wakaguzi wa vyombo vya kunyanyulia na matangi ya upepo, mwiteni mkaguzi, msimkimbie. Na ninyi mafundi, mkiitwa kutengeneza kiti cha bembea, fanyeni kama SheiKra: kila kiti kiwe na njia mbili za kushikwa, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Mnyororo wa pili hauzidi bei ya soda chache. Godoro la upepo lifungwe kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, na upepo ukivuma sana lishushwe, hata kama kuna watoto ishirini wameshalipa. Warudishieni hela zao.

Namalizia na kifaa cha mwisho, ambacho ni cha wahitimu wenyewe. Kwenye reli za rolakosta, fundi akiingia ndani ya uzio anazima swichi kuu na kuweka kufuli lake hapo. Wakiingia mafundi sita, swichi ina makufuli sita. Kila kufuli lina ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwa aliye ndani. Meneja hana ufunguo wa akiba. Mmoja akisahau kutoka, mashine haiwaki, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Utaratibu huo ni wa viwanda vyote, uwe kwenye mashine ya kusaga, boila, mkanda wa kubebea miwa au lifti ya hospitali. Mafundi wengi wameumia kwa sababu mwenzao aliwasha swichi akidhani hakuna mtu.

Mkuu wa chuo ameridhia, na wazazi wachache wamechangia, kwa hiyo leo kila mhitimu atapokea cheti pamoja na kufuli moja jekundu. Mkifika nyumbani andikeni majina yenu juu yake kwa rangi isiyofutika. Siku ya kwanza kazini, kabla ya kugusa mashine, mwulizeni msimamizi swichi kuu iko wapi na inafungwaje kwa kufuli. Akikuambia hapa hatutumii makufuli, mwambie kwa adabu, “Mkuu, mimi nina langu,” kisha ulifunge.

Ufunguo wa akiba hatukuutoa. Ulikuja kwenye boksi, tukauharibu jana kwa jiwe la kusagia, walimu wakishuhudia. Anayepoteza ufunguo wake atakuja hapa chuoni, tutalikata kufuli mbele yake na kumpa jipya, na haitakuwa aibu kwake.

Wahitimu wa umeme mtangulie, wa mitambo mfuate. Mwalimu wa zamu ana orodha. Naomba tusimame tuanze.